Nilikuwa Nakutwalia

Mama yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na watu wa aina hiyo hawastaafu. Alirudisha chaki na funguo za kabati, akaagwa kwa chai na mandazi, lakini kalamu nyekundu aliondoka nayo kichwani. Alipovuka mpaka kuja Kampala atibiwe macho, akae nami huku Bukoto, mtu wa kwanza kusahihishwa naye alikuwa mlinzi wa geti letu. Mlinzi huyo alikuwa amembebea begi mpaka ghorofa ya tatu bila kuombwa. Alipolitua alisema, "Kalibu sana mama, hapa ni kwako." Mama akamwambia, "Karibu. Sema ka-ri-bu." Mlinzi akarudia kwa moyo mweupe kabisa, "Kalibu." Mama akanigeukia huku akicheka, akasema ndiyo maana Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikaugua Kenya, kikafa Uganda.

Mzaha huo kila Mkenya huvuka nao Busia, hata asiye na mzigo mwingine. Mimi pia nilivuka nao. Nilianza kuuonea haya baada ya kukaa hapa nikishona mapazia na kuona watu wanavyonifanyia. Hawa wana lugha yao, imewatosha tangu mababu. Mgeni akija wanaiweka kando, wanachukua ya kwetu wasiyoipenda sana, wanachechemea nayo ili mgeni asipotee. Tena wasiyoipenda kwa sababu: wazee wao waliisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kwa watu wenye bunduki. Mpaka leo mtu wa Kampala ukimuuliza jambo kwa Kiswahili cha ukali, hujibu ndiyo kwanza, kisha ndipo afikiri umemuuliza nini.

Mama hayo hakuyaona. Wala yeye mwenyewe hakuzaliwa na Kiswahili. Alikipata shuleni kwa fimbo, akakigawa kwa fimbo, na mimi binti yake ni mmoja wa waliogawiwa.

Sitaki mtu adhani nawapamba watu wa huku. Wezi wapo, simu yangu moja ilinyakuliwa mkononi nikiwa naongea na mteja, na mteja akadhani nimemkatia kwa dharau. Lakini siku moja pia nilisahau mwavuli wangu kwa muuza chapati wa pale kwenye kona yetu. Mvua ilianza nikiwa nimeshafika mbali. Nilisikia mtu akinikimbilia kwa nyuma, nageuka, ni yeye, ameacha mayai kwenye kikaango, amelowa chapachapa, ameukumbatia mwavuli wangu bila hata kuufungua. Alinicheka sana kwa kusahau mwavuli siku ya mawingu. Mayai yaliungua, na mtu aliyeyaagiza hakulalamika. Huo mwavuli ninao bado.

Mama alitolewa mtoto wa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa bado na ukungu, likingoja zamu yake. Daktari alimpa dawa ya matone na kumwonya asikose hata mara moja, kwa sababu jicho lililopasuliwa likiingia uchafu linaweza kuoza na likaondoka kabisa. Mama aliogopa. Mtu aliyeishi kwa kusoma haogopi kifo kama anavyoogopa upofu. Nikamshonea kifuko cha kamba kwa mabaki ya pazia la manjano, maana manjano ndiyo rangi pekee ambayo jicho lake la ukungu lilikuwa bado linaikamata. Chupa ya dawa ilikaa humo, na kifuko kilikuwa hakitoki mkononi mwake hata akienda msalani.

Siku ya kurudi hospitali Mulago kukaguliwa, nilitaka kumsindikiza. Akakataa, akasema yeye si mzigo wa viazi. Alienda, akakaguliwa, akapanda bodaboda kurudi. Safari hiyo alinisimulia mwenyewe baadaye, na sehemu hii aliisimulia vizuri, maana alikuwa hajaona ubaya wake. Dereva alipoona bandeji ya jicho aliuliza kama amepasuliwa. Alipoambiwa ndiyo, akaendesha polepole mpaka wenzake wakampigia honi. Kwenye mashimo ya Kamwokya alikuwa akisema, "Mama, shika mimi, kuna shimo." Palipokuwa na vumbi alisimama, akavua koti lake, akampa mama ajifunike uso. Kile kifuko cha manjano alikitundika kwenye usukani ili mama apate mikono yote miwili ya kumshikilia.

Basi mama akashuka barabarani, akarudisha koti, akaingia kichochoro cha kwetu. Kifuko kikabaki kwenye usukani.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama muuza gonja, ambaye hukaanga ndizi zake katikati ya kichochoro na aliyaona yote. Mama alifika kwake amechoka. Hawakuwa wanajuana. Muuza gonja alipoona mzee ana bandeji, aliinuka kwenye kigoda chake, akampisha akae chini ya mwavuli. Mama akakaa, akawa anajipepea. Kule barabarani dereva alikuwa ameshaondoka, akafika mbele kidogo ndipo kifuko kikamgonga goti. Akageuza. Kichochoro chetu ni chembamba na siku hiyo mtu alikuwa amemwaga mchanga wa ujenzi, pikipiki haipiti. Akaiacha pale barabarani, ufunguo ndani, akaingia kwa miguu anakimbia, kofia ngumu bado kichwani, macho juu kwenye maghorofa, akitafuta ni mlango gani mzee yule aliingia.

Akampita mama. Hakutegemea kumkuta amekaa penye gonja. Mama naye hakuona mtu, aliona kivuli kinakimbia na mkononi mwa kivuli kuna manjano. Akapapasa mkononi mwake, hamna kitu. Akainuka, akamkamata mkono wa shati.

"Hiyo si dawa yangu? Unakwenda nayo wapi?"

Aliuliza kwa ile sauti ya darasani, naijua. Dereva akasimama palepale. Akajibu kwa Kiswahili kwa kuwa ameulizwa kwa Kiswahili.

"Mama, nilikuwa nakutwalia."

"Ulikuwa unanitwalia?"

"Ndiyo mama. Kweri, nilikuwa nakutwalia."

Na mama yangu akapiga kelele ya mwizi.

Mimi nilikuwa juu, ghorofa ya tatu, nimejaza pini mdomoni, napima pindo la pazia. Niliitambua sauti kabla ya neno. Nilizitema zile pini, nikashuka. Sijui kama kuna mtu anayeweza kushuka ngazi zile haraka zaidi ya nilivyoshuka, na nilipofika chini walikuwa wameshamzingira.

Sitaeleza sana. Waliowahi kuona wanajua, na wasioona wana bahati. Hakuna aliyeuliza ameiba nini. Kofia yake walimvua ili wampate vizuri. Kuna fundi wa viatu anayeniwekea sindano zake nzuri niazime, alikuwepo na nyundo ya viatu. Kuna mwanamke wa kwaya, alikuwepo na kandambili. Na alikuwepo muuza chapati wangu, yule wa mwavuli, ameacha tena mayai kwenye kikaango, ameshika mti wake wa kusukumia chapati, unga bado umeganda kwenye mti. Nilimwona anaunyanyua. Nilimwona anaushusha kwenye taya la mtu yule, na nilisikia.

Nilipiga mayowe kwa Kiganda changu kibovu kwamba wamwache, hata kama ameiba wamwache. Mtu mmoja alinisukuma kando kwa adabu kabisa, akaniita bibi kwa Kiganda, "Nnyabo, utaumia." Alinijali mimi nisiumie.

Polisi alikuja na fimbo, mtu mmoja mrefu wa kaskazini anayekaa kambi ya polisi na familia yake, akawatawanya kwa kuwatazama tu, maana walikuwa wameshachoka. Mtu alikuwa amelala kwenye ule mchanga wa ujenzi. Muuza gonja alivua kitenge chake cha kiunoni, akabaki na gauni la ndani, akamfunika. Kisha akainama akaokota kifuko cha manjano kilichokanyagwa, akakikung'uta mchanga, akamletea mama mkononi. Alijaribu kumwambia kitu kwa Kiganda. Mama akasema asante, akapanda ngazi.

Na wakati mtaa mzima ulikuwa kichochoroni ukimpiga mwizi, mtu fulani alipita barabarani, akaona pikipiki imesimama na ufunguo wake, akaipanda, akaenda zake. Haikuwa hata ya dereva, ilikuwa ya tajiri wake. Huo ndio wizi pekee uliofanyika kwetu siku ile, angalau ninaoujua mimi.

Nilimkuta mama amekaa mezani, kifuko mbele yake, anangoja chai. Kamba ya kifuko alikuwa bado ameikamata kwa ngumi. Lakini mdomo ulikuwa imara.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Sikumrukia mtu. Nilimuuliza anakwenda wapi na dawa yangu. Akanijibu ananitwalia. Nikamuuliza tena, unanitwalia? Akasema ndiyo, kweli, nakutwalia. Mtu amekiri mara mbili. Ulitaka nimuulize mara ya tatu?"

Kwetu neno hilo hatulitumii sokoni. Tunalisikia makaburini, Mungu akisemwa amemtwaa fulani, na kwenye habari za serikali ikimtwalia maskini shamba lake. Mama aliposikia nakutwalia alisikia hilo, nakunyang'anya, tena mbele ya macho yako. Sikioni mwake yule alikuwa mwizi jeuri.

Mimi nimekaa Kampala. Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Mama, kwa Kiganda kutwala ni kupeleka. Kumtwalira mtu kitu ni kumpelekea. Alikuwa anakwambia nilikuwa nakupelekea. Ulikisahau kwenye pikipiki yake. Ni yuleyule aliyekupa koti."

Nilidhani atalia. Nilidhani nitalazimika kumshika. Alikishika kifuko, akakibonyeza kuhakikisha chupa haijavunjika.

"Basi angesema nakupelekea," alisema. "Neno lipo."

Hapo ndipo hasira ilinipanda, na tangu siku ile haijashuka yote. Nilimwambia kwamba mwizi hakimbilii kwenye nyumba ya aliyemwibia. Nilimwambia pia jambo moja la darasani, kwa sababu nilijua ndilo litakalomuuma. Mama alitufundisha kauli ya kutendea nikiwa binti mdogo, kwenye benchi la mbele, na kofi juu. Alituambia kitenzi kikivaa kauli hiyo kinaangalia pande mbili. Nimekuchukulia kiti, huenda nimekibeba ili ukae, huenda nimekinyakua ukabaki umesimama. Sarufi haikuambii ni ipi. Msikilizaji ndiye anayepima kwa hali ilivyo, ndiye anayechagua.

"Hata kwa Kiswahili chako hichohicho safi," nilimwambia, "alikuwa na maana mbili. Nzuri ilikuwepo. Wewe ulichagua mbaya."

"Nilisikia nilichosikia," mama alijibu. "Niwekee dawa, saa yake imefika."

Nikafunua bandeji, nikamwekea. Yeye anainamisha kichwa nyuma, mimi nafungua kope kwa vidole viwili na kudondosha. Dawa nyingine ilimtiririka shavuni, na nisingependa mtu adhani yalikuwa machozi.

Kesho yake nilienda kituoni. Yule polisi mrefu aliniambia dereva yuko hospitali Mulago, taya limevunjika limefungwa, hasemi, na amefungwa pingu kitandani kwa sababu ni mshukiwa wa wizi. Nilimweleza yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani aliniamini.

"Dada, wewe hapana kuwa pale," alisema. "Yule alisema mwizi, ni yeye tena atasema si mwizi. Mdomo ile ile moja. Mama yako asipokuja, kijana akipona mimi natoa yeye kitanda, napeleka yeye rumande. Sheria ni hivyo."

Basi ikawa hivyo. Mtu alikuwa amefungwa kitandani na ufunguo wake ulikuwa mdomoni mwa mama yangu, mwanamke aliyepata kuzuia cheti cha mtoto wa jirani kwa sababu ya h iliyowekwa pasipostahili. Nilimwambia. Akasema jicho halijatulia, daktari amemkataza kuhangaika. Nikamwambia kesho yake. Akasema joto. Nikamwambia tena, akasema sasa unataka nikasimame mbele ya polisi wa nchi ya watu niseme mimi ndiye niliyewaita wale wanyama? Hapo alisema kweli, na ndilo lililokuwa tatizo. Akisema yule si mwizi, basi yeye ndiye nani?

Siku hizo nilikuwa binti mbaya. Chai nilimpa bila sukari nikijua anavyopenda sukari. Muuza gonja alikuja kuuliza hali ya mzee, akaleta ndizi mbili zimefungwa kwenye jani. Mama akazila, akasema angalau gonja wanajua kukaanga.

Asubuhi moja nilisimama kwa muuza chapati. Alinisalimu kama siku zote, akauliza habari za mzee na jicho lake. Mti wa kusukumia ulikuwa palepale, umeoshwa. Nilimuuliza kwa nini alimpiga.

"Nnyabo, kila mtu alipiga," alisema. "Alikuwa anakimbia na kitu ya mtu."

"Kama wewe siku ya mwavuli wangu," nikamwambia.

Alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka, akachukua kisu, akawa anakwangua kikaango mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alinifungia chapati zangu na hakunitazama. Nilizichukua, nikaenda nikazila, maana njaa haina aibu.

Mwishowe mama alikubali kwa masharti yake. Ilikuwa siku ya kukaguliwa tena, bandeji itolewe. Alipokuwa anavaa viatu alisema, "Nitapita kumwona huyo mtu wako. Lakini sitasema uongo. Sitasema alichosema hakukisema. Nitalitamka neno lilelile alilolitamka, na hilohilo tu." Nilimjua mama yangu. Niliona yule mtu ameshafika rumande, na nilimpeleka tu kwa sababu sikuwa na mdomo mwingine wa kumpeleka.

Daktari alimtoa bandeji, akamwambia jicho limepona vizuri sana, inaonekana dawa hukukosa. Mama akanitazama kwa jicho lake jipya, akaniambia nimezeeka. Kisha tukaenda wodini. Polisi alikuwa anatungoja.

Dereva alikuwa kijana mwembamba kuliko nilivyokumbuka. Taya limefungwa, upande mmoja wa uso bado mweusi, mkono wa kushoto kwenye pingu. Kati ya pingu na ngozi kulikuwa na kitambaa kimezungushwa ili chuma kisimkate, na baadaye nilijua ni polisi mwenyewe aliyekiweka. Mkewe alikuwa anamnywesha uji kwa mrija. Alipotuona alikiweka kikombe, akapiga magoti sakafuni mbele ya mama, kama wanavyomsalimu mtu mzima, akasema, "Mama, asante kukuja."

Alijua sisi ni nani. Polisi alikuwa amemwambia. Alipiga magoti hivyohivyo, na mama yangu, anayependa kupigiwa magoti kuliko kitu chochote cha Uganda, alitazama pembeni. Aliegemea kitanda, akaweka kifuko chake juu ya shuka ili apate kushika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Mama, pole na jicho," polisi akasema. "Sasa sema. Huyu kijana alikuwa nafanya nini na dawa yako?"

Mama alimtazama kijana. Kwa mara ya kwanza alimwona sura. Kijana alimtazama mdomo.

"Alikuwa ananitwalia," mama akasema.

Mimi nilifumba macho.

"Alikuwa nakutwalia?" polisi akauliza.

"Ndiyo. Alikuwa ananitwalia."

Nilisikia ufunguo. Nilipofumbua macho, polisi alikuwa ameinama anafungua pingu, na mke wa kijana amejishika kichwa kwa mikono miwili, analia bila sauti. Kwao ni kaskazini, lakini ni polisi wa Kampala yule, Kiswahili chake ni cha Kampala. Alisikia kwamba mzee alikuwa anapelekewa dawa yake. Alikizungusha kile kitambaa kidoleni, akakitia mfukoni, kisha akamgeukia mama, akamuuliza kwa upole wa mtu anayetaka kulisikia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Sasa mbona watu walipiga yeye?"

"Hilo waulize waliopiga," mama akasema.

Mpaka leo sijui. Nilikuwa nimemweleza neno hilo hapa lina maana gani, nimemweleza kwa kelele, siku nyingi kabla. Huenda alilitamka kwa maana yake, ya kumshitaki, na sikio la Kampala likamwokoa kijana. Huenda alilitamka kwa maana ya kijana, kwa makusudi, akamfungua bila kusema uongo na bila kusema samahani. Alikuwa mwalimu hodari, angeweza. Nimemuuliza mara nyingi kwenye simu tangu arudi Kenya. Hunijibu kwamba alisema kilichosemwa, kisha huuliza kama mvua imenyesha huku. Samahani hakuisema kwa lugha yoyote.

Aligeuka akaanza kuondoka, mgongo umenyooka. Polisi alimfuata amwonyeshe njia. Mimi nilibaki nyuma hatua chache, nikimsaidia yule mwanamke aliyekuwa bado sakafuni kuinuka. Ndipo nikaona kile kifuko cha manjano juu ya shuka, karibu na goti la kijana. Mama alikuwa amekisahau tena.

Kijana alikuwa ameshakiona. Alikitazama. Akamtazama mama anavyozidi kwenda kuelekea mlangoni. Mikono yake yote miwili ilikuwa huru sasa, na kifuko kilikuwa karibu kiasi kwamba angekifikia bila kujinyoosha. Hakunionyesha, wala hakugonga kitanda ili mama asikie. Aliinua shuka taratibu, akaingiza mikono yote miwili chini yake, akaifunika mpaka viwiko, akageukia ukuta.

Nilikichukua mwenyewe.